Lenzi Kama Bazuka, Picha Kama Ukungu: Bariadi Wanamcheka Asiyestahili Kuchekwa

Wadau wa mitandaoni mkoani Simiyu wanamjua. Jina halitajwi hapa, lakini posti zake zinajulikana: miwani nyeusi, kizibao chenye mifuko kumi, na lenzi ndefu imelazwa begani kama bazuka. Mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kamera. Laiki zinamiminika, komenti ni "mwamba huyo" na alama za moto tupu. Kwenye harusi za Bariadi mjini na sherehe za Maswa, jamaa anaitwa hata kabla ya MC.

Yupo na mwingine, naye jina lake libaki kabatini. Huyu hana swaga kabisa. Akifika kwenye tukio anatoa mguu mmoja wa chuma, halafu anatoa kifuko kilichoshonwa kwa kipande cha jinzi kuukuu, ndani kimejaa choroko. Siku ya mbio za baiskeli mtu alimpiga picha kwa simu akiwa amepiga goti kando ya barabara, lenzi imelala juu ya kile kifuko, kisha akaitupia mtandaoni na maneno: "Huyu kaja kupiga picha au kaja mnadani?" Watu walicheka siku mbili nzima.

Hapo ndipo penye tatizo. Anayechekwa ndiye anayeijua kazi.

Uzito kwanza. Nikon ya milimita 200-500 ina kilo 2.3. Sony ya 200-600 inazidi kidogo kilo 2. Canon ya milimita 400 f/2.8 iliyotoka mwaka 1999 ilikuwa na kilo 5.37, toleo lake la mwaka 2018 limepunguzwa hadi kilo 2.84, na hapo kamera yenyewe haijahesabiwa. Kuna watakaosema kilo 3 si kitu kwa mtoto wa Kisukuma aliyekua akibeba ndoo ya maji. Sawa, lakini ndoo inakaa kichwani. Hakuna anayeishika mbele ya uso dakika arobaini akisubiri baiskeli zitokee kwenye kona.

Na mbio za baiskeli ndivyo zilivyo. Mpiga picha anakaa, anakaa, hakuna kitu. Mara vumbi linaonekana kule, kundi linakuja, sekunde tano limepita. Ukweli usemwe: kifuko cha choroko hakisimamishi baiskeli. Hiyo ni kazi ya spidi ya shata, 1/1000 au zaidi. Kinachofanywa na kifuko ni kuubebea mkono mzigo wakati wa kusubiri, ili kundi linapotokea lenzi iwe tayari inatazama pale pale na mkono uwe bado na nguvu ya kulifuata. Mwamba wa bazuka wakati huo ndiyo kwanza anainyanyua lenzi, mabega yanawaka moto. Anapiga picha mia mbili, halafu usiku anazikagua kimya kimya akitafuta hata moja yenye jicho la mshindi linaloonekana.

Jambo la pili watu hawalijui. Lenzi inayovuta mbali haivuti ndege na mnyama peke yao, inavuta na mtetemeko wa mkono. Pumzi ikipanda, picha inapanda. Moyo ukidunda, picha inadunda. Ndiyo maana wapiga picha wana kanuni ya zamani: lenzi ikiwa milimita 500, spidi isishuke chini ya 1/500, na kwa kamera zenye sensa ndogo ya APS-C ni salama kwenda hadi 1/750. Saa kumi na mbili jioni mwanga ukiwa unaaga, kuipata spidi hiyo maana yake ni kupandisha ISO mpaka picha ijae chenga. Mwenye pa kuegemeza anaweza kuishusha spidi kwa bibi aliyekaa kwenye kiti, na picha ikatoka safi.

Kuna watakaojibu kwamba lenzi za siku hizi zina mfumo wa kutuliza mtikisiko. Kweli zinao, na unasaidia sana. Ila mfumo huo haubebi kilo hata moja. Mkono ukichoka umechoka.

Halafu kuna hii ya kubeba kamera kwa mkanda shingoni huku lenzi ya kilo 2 inaning'inia mbele kama kibuyu. Lenzi nzito nyingi zina pete yenye mguu wake chini. Mguu ule si pambo. Ndipo stendi inapofungwa na ndipo mkono unaposhika wakati wa kubeba, ili uzito ukae katikati. Anayefunga stendi kwenye kamera na kuiacha lenzi ielee mbele anakipa kiungio mzigo ambao hakikutengenezewa. Kama vifaa ni vya kukodi, siku kiungio kikilegea pesa yote ya harusi inaishia kwa fundi.

Kinachochekesha zaidi ni kwamba hicho kifuko kinachodhihakiwa Bariadi ndicho kinachoheshimiwa hifadhini. Lango la Ndabaka la Serengeti liko jirani kabisa na Lamadi, kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Wapiga picha wa wanyama kutoka Ulaya na Marekani wanakuja Serengeti na mifuko hiyo hiyo, wameinunua dukani kwa pesa nzuri. Wengi wanasafiri nayo ikiwa mitupu ili kukwepa uzito kwenye ndege, wakishatua wanaijaza mchele au maharage. Ndani ya hifadhi mtu hashuki kwenye gari anavyotaka, na stendi ya miguu mitatu haina pa kusimama kwenye gari lenye abiria. Kwa hiyo kifuko kinalazwa juu ya paa lililofunguliwa au kwenye ukingo wa dirisha, lenzi inazama ndani yake, dereva anazima injini na wenzake wanaacha kuhamahama kwenye viti. Hapo hata simba aliyelala mbali anatoka na ndevu zake zote.

Simiyu kifuko hicho hakihitaji kuagizwa. Choroko zipo, dengu zipo, mchele upo. Kitu kimoja tu kisitumike, pamoja na sifa zake zote mkoani: pamba. Ni nyepesi mno na inabonyea, lenzi inazama kisha inaanza kuyumba.

Kwenye ngoma mambo yanabadilika. Bagika na Bagalu wakishindana, watu wanajaa duara zima, watoto wanapenya miguuni, na stendi ya miguu mitatu inapigwa teke kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Hapo mguu mmoja ndio mkombozi. Unabeba uzito wote, na mpiga picha anazunguka nao kama mlingoti, akimfuata mchezaji wa bugobogobo na jembe lake linavyopaa. Kama mvua imenyesha na udongo mweusi wa mbuga umelainika, kipande cha ubao chini ya mguu kinatosha usizame.

Na hata asiye na chochote bado ana mwili wake. Kiganja cha kushoto kinakaa chini ya lenzi, mbele kidogo, si pembeni ya kamera. Viwiko vinabanwa mbavuni. Mguu mmoja unatangulia, bega linaegemea mti au ukuta, pumzi inatolewa taratibu, kidole kinabonyeza bila kupiga. Anayepiga ndege akiwa angani mara nyingi hana njia nyingine, na wapo wanaoweza vizuri sana. Lakini hao nao wanaegemeza, ila kwa mifupa yao. Mkono mmoja kiunoni haupo kwenye orodha.

Haki itendeke pia kwa mwamba wa bazuka. Si mjinga. Anawajua wateja wake. Wenye sherehe wakikaa kikao cha harusi hawasemi "tuonyeshe picha zako". Wanauliza "ana lenzi kubwa huyo?" Kamati inataka mtu ambaye akisimama ukumbini wageni waone kwamba pesa imetumika. Jamaa anawauzia wanachonunua, na ukubwa wa lenzi unaonekana kirahisi kuliko utulivu wa mkono.

Ila gharama yake hailipwi siku ya harusi. Inalipwa baadaye. Bibi amekuja kutoka Itilima kwa basi, amevaa kitenge kipya, ameinuka kumtunza mjukuu wake na ukumbi mzima umepiga vigelegele. Mpiga picha yuko mbali, lenzi imenyooshwa, mikono inatetemeka. Mwaka unaofuata bibi hayupo. Familia inatafuta picha yake nzuri ya mwisho ya kuweka mbele ya jeneza, inaikuta ile ya harusini, inaikuza, na uso wa bibi umefanya pande mbili kama wa watu wawili. Harusi hairudiwi na bibi harudi. Siku hiyo hakuna anayekumbuka lenzi ilikuwa ndefu kiasi gani.

Kwa hiyo kamati za harusi zibadilishe swali. Mpiga picha akija na bei yake, afungue kompyuta, achague picha aliyoipiga kwa mbali jioni, aikuze mpaka kwenye kope. Kope zikihesabika, apewe kazi, hata kama amekuja na kifuko cha jinzi. Na vijana wa kamera wanaojichanga kununua lenzi ya mamilioni watenge kabisa hela ya mguu wa kuisimamishia ndani ya bajeti hiyo hiyo, wasisubiri chenji ibaki.

Yule wa choroko aachwe afanye kazi yake. Msimu ukiisha, choroko zake zinachemshwa na kuliwa na ugali. Picha iliyotikisika hailiki.

Wadau wa Bariadi, Maswa, Meatu, Busega na Itilima, mnasemaje?