KALAMU NA JEMBE

Ndugu Wanachama,

Wako miongoni mwetu wasemao kwamba karani aliyesoma hapaswi kuonekana ameshika jembe. Wasema jembe ni la mtu aliyekosa shule, tena matuta ya mchicha nyuma ya nyumba za watumishi yazivunjia heshima nyumba hizo. Maneno hayo tuliyasikia mkutanoni tukanyamaza kwa adabu. Leo twayajibu, kwa kuwa kunyamaza kwetu kumekwisha kutugharimu.

Twamwuliza bwana huyo mwenye hadhi: ifikapo tarehe 20 ya mwezi, mboga ya nyumbani kwake hutoka wapi? Hutoka gengeni kwa mkopo, na jina lake limo katika daftari la mwenye genge pamoja na majina yetu sote. Je, lipi lavunja heshima zaidi, udongo mikononi au deni la mafungu ya mchicha?

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1974, mvua zilipokosekana na nchi ikalazimika kununua nafaka ng'ambo, Serikali ya Tanzania ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, na watumishi wa mijini nao wakaitwa kulima. Katika miaka ya 1980, mshahara ulipopoteza nguvu, watumishi wa Dar es Salaam, wakubwa kwa wadogo, walipanda mboga na kufuga kuku na ng'ombe majumbani. Wengi wetu tulilipiwa karo kwa jasho hilo, nasi leo twalionea haya! Kanuni za mwaka 1992 zilikitambua kilimo cha mjini, zikaweka kikomo cha eka 3 kwa mtu mmoja. Nairobi nako sheria ya kukuza na kusimamia kilimo hicho ilitungwa mwaka 2015.

Basi kosa li wapi? Kosa ni letu. Msimu uliopita matuta 14 ya wenzetu yalifyekwa asubuhi moja, mchicha ukiwa umebakiza siku chache kung'olewa. Aliyewatuma wafyekaji alisema kwamba katika jalada hamna karatasi hata moja inayotaja bustani. Alisema kweli. Sisi tunaowaandikia watu wote barua zao, tunaojua jalada lipi laenda meza ipi, hatukuandika hata mstari mmoja kwa ajili ya wake zetu na mama zetu waliolima pale. Walilia, nasi tukaenda kazini.

Wako pia wenye hoja nzito zaidi. Wasema tukijilimia mboga, mwajiri atasema mshahara watosha. Hoja hii twaiheshimu, na jibu letu ni hili: bustani si badala ya mshahara wa haki, na Chama kisikubali kamwe viwekwe katika mzani mmoja. Lakini mwenye njaa hudai kwa sauti ndogo. Aliye na mboga nyumbani aweza kungoja jibu la barua yake bila kupiga magoti.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. Kwanza, Kamati iombe kwa maandishi kiwanja kilicho wazi nyuma ya nyumba zetu, na kibali kitaje miaka. Pili, matuta yagawanywe kwa kura, si kwa cheo, na wanawake wanaolima wawe na viti katika kamati ya bustani. Tatu, maji yawe safi. Mto Msimbazi hupokea uchafu wa viwanda, na mboga iliyonyweshwa uchafu huo haifai kupewa mtoto. Nne, tusitegemee mbolea na dawa za dukani tu: maganda ya jikoni, majani makavu na samadi ya kuku vikirundikwa na kuachwa vioze hufanya mboji njema, na maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa hufukuza wadudu wengi. Asiye na uwanja na ajaze gunia udongo na samadi, aweke kokoto katikati ili maji yafike chini, apande miche ya sukuma wiki juu na ubavuni. Mchicha nao hungojewa majuma matatu au manne tu. Hata mwenye haraka aweza kuuvumilia.

Wazee walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tumejifunza kuinama juu ya meza za ofisi kwa faida ya wengine. Haitatudhuru kuinama juu ya tuta kwa faida ya watoto wetu. Wala hatuiachi kalamu. Matuta yale 14 hayakukosa jembe, yalikosa barua. Mkutano ujao, kila mwanachama na aje tayari kutia sahihi yake.