SOKO LA DAWA: Imatinibi ni rahisi kununua, si rahisi kuuza

Waagizaji wa dawa wanaoitupia macho imatinibi ya India wanaanza na bei. Hapo wamekosea mlango.

Dawa hiyo hutibu aina mojawapo ya saratani ya damu, pamoja na GIST, uvimbe wa saratani unaoota kwenye ukuta wa tumbo au utumbo. Zamani, uvimbe huo ukishaenea, kisu hakikuweza kuumaliza na dawa za kawaida za saratani hazikufua dafu. Mwaka 2002 Marekani iliidhinisha kidonge cha Novartis ya Uswisi, Glivec, kwa wagonjwa hao.

Kampuni ilivuna. Mwaka 2015 Glivec iliingiza zaidi ya dola bilioni 4.6. Februari 2016 washindani waliingia soko la Marekani, na mwaka huo mapato yakashuka hadi bilioni 3.3. Mwenye hisa aliyeshtuka alijitakia, kwani tarehe ya kwisha kwa hataza haikuwa siri.

India ilikuwa imetangulia. Tarehe 1 Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliinyima Novartis hataza. Wakati huo Glivec iligharimu takriban rupia 120,000 kwa mwezi, na ya viwanda vya Kihindi kama 8,000. Novartis ililalamika kwamba hukumu ingevunja moyo utafiti. Hata hivyo, mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa mbili mpya za GIST, na wala hazikutoka Novartis.

Basi bei si kikwazo tena. Hatari iko ghalani. Mgonjwa humeza kwa kawaida miligramu 400 kila siku, na ambaye uvimbe wake umeenea akiacha, mara nyingi uvimbe huanza kukua tena. Shehena moja ya bei poa, kisha rafu tupu miezi miwili kwa sababu shilingi imeyumba au benki imechelewesha malipo, ni hasara ya mtu mwingine kabisa. Mwagizaji asiye na mtaji wa kuweka akiba ya miezi sita heri abaki na dawa za mafua.

Tena wateja si wengi kama inavyodhaniwa. GIST ni ugonjwa adimu, na kwa miaka mingi wapo wagonjwa wa Kenya na Tanzania waliopewa Glivec bure kupitia mpango wa msaada wa Novartis na Max Foundation. Anayetaka kuingia ahesabu kwanza wagonjwa wa hospitali anazozihudumia, ndipo aandikiane na kiwanda mkataba wa mwaka mzima.