Mikono ya Mpambaji



Kumpamba bibi harusi ni desturi ya kale katika pwani yetu, tangu Kilwa Kivinje hata Lindi, wala si desturi ya kulaumiwa. Lakini vitu vya kupambia vimebadilika, na hatari yake imewaangukia zaidi binti zetu wafanyao kazi ya saluni.

Hina ya asili ni majani ya mhina yaliyosagwa. Rangi yake huwa nyekundu au ya kahawia, nayo hutaka saa kadhaa ipate kukolea. Siku hizi wengi wapenda weusi, nao huchorwa kwa piko. Piko inayouzwa madukani aghalabu ni rangi ya kutilia nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Mwili usiopatana nayo huwashwa, huvimba na kutoka malengelenge, pengine baada ya siku mbili au tatu. Aliyekwisha kudhurika hivyo aweza kubaki na udhaifu huo maisha yake yote, hata rangi ya nywele tu ikamrudishia maradhi. Tena ikimezwa ni sumu: koo huvimba hata pumzi ikazibika, na figo huharibika.

Basi tufikiri. Bibi harusi hupakwa kwa siku yake moja. Msichana ampakaye huishika kila siku, huku akivuta vumbi lake katika chumba kisicho na dirisha. Mikono ikiota ukurutu, atakula nini, naye hana kazi nyingine?

Mzazi unayempeleka binti yako kujifunza kazi hii, usiulize ujira peke yake. Uliza pia kama hupewa glavu, kama chumba chapitisha hewa, na kama chakula huliwa mbali na rangi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemlazimu mwajiri kumlinda mfanyakazi wake na kumpa vifaa vya kujikingia. Kwa hiyo glavu ni haki, si hisani.

Nawe mwenye saluni, usiweke piko katika kikombe wala chupa ya kinywaji. Atakaye kutiwa rangi ya nywele, mjaribu kwanza kwa tone dogo saa 48 kabla. Ama ngozi, irudishiwe hina yake. Uzuri wa bibi harusi haukupungua kwa wekundu wa hina tangu enzi za bibi zetu.

Dini yetu imetukataza kujidhuru na kudhuriana. Katazo hilo haliishii sokoni wala shambani. Laingia hata katika chumba cha kupambia.

Mwenyezi Mungu awahifadhi binti zetu na aibariki mikono yao. Amin.