Tuanze na Kigoda, Mlango Utakuja

Kila mgeni afikaye Mji Mkongwe husimama mbele ya milango. Huitazama miimo iliyochongwa maua na minyororo, huugusa mfaa ulio katikati, hupiga picha, kisha huenda zake. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia, na milango hiyo ni sehemu kubwa ya sifa yake. Sisi wenyeji nasi twajisifu kwayo. Lakini hebu tuulizane bila ya kuoneana haya: katika vijana kumi wa tawi lako, ndugu mwanachama, wangapi wanajua kupiga randa ubao mmoja ukawa sawa?

Twaliuliza swali hili kwa sababu jibu lake twalijua, nalo latuuma. Mwaka jana tawi letu lilihitaji viti. Tulichanga fedha, tukaenda dukani, tukanunua viti vya plastiki vilivyoletwa kwa meli. Barazani pale pale palikuwa na vijana wanane wasio na kazi, na mtaa wa pili yupo seremala mzee asiye na mwanafunzi hata mmoja. Fedha zetu ziliwapita wote hao zikavuka bahari. Hatumlaumu mwenye duka, kwani yeye ni mfanya biashara. Twajilaumu sisi, ambao kila mkutano husimama tukahubiri kujitegemea.

Yafaa pia tukiri kosa jingine. Wengi wetu tulipita chuo cha ualimu. Tukiwa darasani tuliwafundisha watoto majina ya zana: msumeno, randa, patasi, tezo. Tulizichora ubaoni kwa chaki, watoto wakaimba majina, wakapata alama zao. Randa yenyewe hawakuishika, wala sisi hatukuishika. Kijana aliyelelewa hivyo akimaliza skuli huona kazi ya mkono ni adhabu ya aliyeshindwa mtihani. Mwenye kosa hapo si kijana peke yake.

Hata anayeipenda kazi ya mbao hukwama mlangoni. Anaona useremala ni mashine, karakana na mtaji mkubwa. Anaota mlango wa kuchonga, au kasha la njumu za shaba, naye hajui hata kunoa patasi. Basi hukata tamaa kabla ya kuanza. Sisi twasema: aanze na vile ambavyo mama yake anavyo jikoni.

Cha kwanza ni kibao cha chapati na kijiti chake cha kusukumia. Kazi hii haina kiungo hata kimoja. Yataka kukata, kupiga randa na kupitisha msasa tu; lakini ubao usiponyooka, mpishi atajua siku ile ile. Kibao kama hicho kisipakwe vanishi, maana hubanduka ikaingia katika unga.

Cha pili ni kigoda. Hapo kijana atajifunza kutoboa tundu na kuchonga ulimi wa mguu ukaingia kwa kubana, bila ya kutegemea msumari. Cha tatu ni kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, chenye mbao mbili zinazopishana na kukunjika, na ulimi wa chuma wenye meno. Cha nne ni marfaa ya kuwekea Msahafu, ambayo hutolewa katika ubao mmoja uliopasuliwa, ukakunjuka wenyewe bila ya bawaba. Aliyefika hapo mkono wake umeshatulia. Na atazame vizuri: kiungo cha ulimi na tundu alichokifanya katika kigoda ndicho hicho hicho kinachoshika fremu ya mlango. Toka kigoda mpaka mlango njia ni moja, ila ni ndefu.

Zana za kuanzia hazizidi chache: msumeno wa mkono, randa moja, patasi mbili, nyundo, keekee, guni ya kupimia pembe, na jiwe la kunolea. Vijana watano wanaweza kuzinunua kwa ushirika wakazitumia kwa zamu. Atakayepata nafasi katika vituo vya mafunzo ya amali, kama Mwanakwerekwe na Mkokotoni hapa Unguja, au Vitongoji kule Pemba, aikimbilie. Lakini kibao cha chapati hakingoji cheti.

Twajua yatakayosemwa: mbao zitatoka wapi? Kisiwa chetu ni kidogo, na mbao nyingi hutoka Bara. Msitu wa Jozani na mikoko ya Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, wala hatumtumi mtu kwenda kuiba mti. Tunachosema ni kwamba kazi ndogo hazitaki magogo. Vipande vinavyotupwa na mafundi wakubwa vyatosha kigoda. Mnazi uliozeeka usiozaa tena una mbao ngumu upande wa nje wa shina, hasa chini, ingawa huimaliza makali ya msumeno upesi na moyo wake ni laini. Mwembe na mfenesi ulioanguka kwa upepo usiishie kuwa kuni zote. Ila ubao mbichi usifanyiwe kazi. Upangwe kivulini, vijiti viwekwe kati ya ubao na ubao ili upepo upite, nao uachwe ukauke. Anayefanya haraka atauza kigoda leo, na mwezi ujao kitapasuka kimfedheheshe mtaani.

Jambo jingine ni hesabu, na hapa ndipo wengi huanguka. Tuseme, kwa mfano, ubao wa kibao cha mbuzi ni shilingi 4,000, na ulimi wa chuma, gundi na msasa ni 1,000. Kijana akikiuza 10,000 hufurahi kuwa amepata 5,000. Lakini kama nusu siku yake ya kazi ina thamani ya 6,000, na kunoa na kuchakaa kwa zana ni 1,000, basi kibao kile kimemgharimu 12,000. Amepata hasara ya 2,000 naye anacheka. Asiyejihesabia jasho lake mwenyewe hawezi kumlaumu mwingine anayelidharau.

Na mnunuzi ni nani? Wapo watakaosema mtalii. Ni kweli wageni ni wengi. Mwaka 2023 walipita laki sita. Lakini mgeni ana msimu wake. Mwaka 2020, ulipokuja ugonjwa wa korona, ndege zilisimama na maduka ya vinyago yakafungwa. Mpishi wa Jang'ombe hakuacha kukuna nazi siku hata moja. Basi fundi mpya amtumikie jirani kwanza, na ajitayarishe mapema kabla ya Ramadhani, wakati kila nyumba inapotengeneza jiko lake. Mgeni akija, ni faida juu ya faida.

Atakayesema kuwa plastiki ni rahisi hatutambishia. Ni rahisi siku ya kununuliwa. Lakini kiti cha plastiki kikivunjika mguu hutupwa, na kigoda kikivunjika mguu hutiwa mguu mwingine, tena na mtoto wa mtaa ule ule.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu kwa kila tawi. Kwanza, lisinunue tena kiti wala meza ya kutoka nje kabla ya kumuuliza fundi wa mtaani bei yake. Pili, limtafute seremala mzee aliye karibu, limpe heshima na malipo yake, na limpelekee vijana wawili. Tatu, viongozi wenyewe, na sisi tulioandika haya tukiwamo, tukae tufundishwe pamoja nao.

Tumeshaanza. Kigoda chetu cha kwanza kinayumba, maana mguu mmoja ni mfupi. Tumekiweka ofisini pamoja na vile viti vya plastiki, na kila aingiaye hutucheka. Na acheke. Cha pili tumekipima mara mbili.