Kamera Inaona, Lakini Inakumbuka Siku Ngapi?

NYUMBA NA JAMAA



Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu ambacho kimeanza kuingia katika parseli zetu: kamera ya kulinda nyumba. Zamani ulinzi wetu ulikuwa mbwa, zamu na jirani mwema. Leo mwenye depo ya kasiterite au mwenye butike anaweza kuweka jicho juu ya mlango. Watu wanauliza: «Kamera gani ni nzuri?» Swali si baya, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: picha zitalala wapi, na zitakaa siku ngapi?

Sikilizeni kisa. Baba mmoja, mnunuzi wa mawe, alikwenda machimboni siku kumi na tano. Nyuma yake, katika depo, alilala mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake. Baba aliporudi alihesabu mifuko: mitatu haiko. Wote wakamtazama kijana. Baba akasema: «Hakuna kelele. Kamera iko. Tutaona mwizi leo leo.» Wakafungua. Kumbe ile kadi ilikuwa na picha za siku sita tu! Picha mpya zilikuwa zimekula zile za zamani. Kijana akalia: «Mjomba, si mimi.» Lakini angeonyesha nini? Alifukuzwa. Mpaka leo jamaa ile imegawanyika, na hakuna anayejua ukweli. Kamera iliona yote, na ikasahau.

Jicho na kumbukumbu

Kamera ya kwanza ya nyumbani ilifikiriwa na muuguzi mmoja wa New York, Mama Marie Van Brittan Brown, pamoja na mume wake Albert. Waliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1966, wakaipata mwaka 1969. Walitaka mtu aweze kuona kwenye kioo, akiwa chumbani, nani anapiga hodi. Sisi tunataka zaidi: kamera iangalie wakati tumelala, tuko Misa au tuko safarini, halafu itueleze. Kwa hiyo kumbukumbu ni nusu ya kazi, na watu wengi wanainunua mwisho, kwa pesa iliyobaki.

Hesabu ya mama wa nyumba

Kamera moja yenye picha safi (wanaiita 1080), ikiandika usiku na mchana bila kupumzika, inakula karibu jiga 20 kila siku, kama inakaza picha kwa namna mpya inayoitwa H.265. Ile ya namna ya zamani, H.264, inaweza kula jiga 40 na zaidi. Basi hesabu ni kama ya unga: chukua ukubwa wa ghala, gawanya kwa chakula cha siku moja.

– Kadi ya jiga 128, kamera moja: siku 6.
– Kadi ya jiga 256, kamera moja: siku 12.
– Diski ya tera 1 (jiga elfu moja), kamera nne: siku 12.
– Diski ya tera 2, kamera nne: siku 25.
– Diski ya tera 4, kamera nne: siku 50.

Sasa, wewe unahitaji siku ngapi? Jiulize: ninaweza kukaa siku ngapi bila kujua kwamba nimeibiwa? Mwenye butike anayehesabu mali kila Jumamosi, siku saba. Anayekwenda machimboni majuma mawili, siku kumi na tano. Ongeza juma moja juu yake. Hizo njo siku za kumbukumbu yako. Yule baba wa kisa chetu alihitaji siku 22. Alinunua 6.

Kadi ao diski?

Kadi ndogo inaingia ndani ya kamera yenyewe. Haiombi umeme mwingi. Lakini ina makosa mawili. Moja, mwizi akingoa kamera, amebeba na ushahidi. Mbili, kadi ya kawaida ya telefone haikutengenezwa kuandikwa na kufutwa kila saa, inachoka. Kuko kadi za kazi hiyo. Tafuta neno «Endurance» juu yake. SanDisk kwa mfano wanaandika kwamba kadi yao ya High Endurance ya jiga 128 inaweza kufika masaa 10.000. Inaonekana mingi, lakini gawanya kwa 24: ni mwaka mmoja na siku hamsini hivi. Andika tarehe ya kuinunua, na uibadilishe mbele haijafa.

Mtaangalia pia kadi za uongo. Juu imeandikwa 256, ndani ni 16! Kijana mwenye ordinatere anaweza kuijaribu kwa programu ya bure inayoitwa H2testw. Mjaribu mbele ya kumaliza kulipa.

Diski inakaa ndani ya sanduku la kuandikia, mbali na kamera. Lifiche katika chumba cha nyuma, chini ya kufuli, pahali penye hewa na pasipo vumbi. Usichukue diski ya ordinatere ya zamani. Kuko diski za kamera, kama WD Purple na Seagate SkyHawk, zilizotengenezwa kuandika usiku na mchana.

Wengine wanauliza juu ya kuweka picha kwenye intaneti. Jiga 20 kila siku ni jiga 600 kwa mwezi, kwa kamera moja. Kwa bei ya mega zetu, utauza mbuzi wote. Kama una intaneti, tuma picha za dakika ambapo kitu kimetembea mbele ya kamera, basi.

Usisahau batri

Hapa kwetu wengi tunaishi kwa jua. Kamera nne na sanduku lake zinaweza kunywa wati 30 hivi. Kwa masaa 24 ni wati-saa 720. Batri ya asidi ya volti 12 na ampea 100 ina 1.200, lakini si vizuri kushuka chini ya nusu: inabaki 600. Haimalizi siku! Na umeme ukikatika kwa ghafula, diski inaweza kuharibika. Kamera moja yenye kadi inakunywa wati 5 hivi, ni 120 kwa siku. Afazali kamera moja inayoandika bila kukatika kuliko nne zinazolala saa nane ya usiku, wakati wa mwizi.

Siku ya mambo

Ukigundua wizi, usiongoje kesho. Nakili picha palepale kwenye flashi, mbele ya watu wawili, na fanya nakala ya pili. Kila saa inayopita, picha mpya inakula ya zamani. Angalia pia kila juma kama saa na tarehe ya kamera ni ya kweli; umeme ukikatika zinaweza kurudi nyuma, na tarehe ya uongo inaweza kumfunga asiye na kosa.

Tena, geuza jicho lako lisiangalie parseli ya jirani wala pahali pa kuogea. Tangu 13 Machi 2023 inchi yetu ina Sheria ya Numerike inayolinda habari za mtu. Na mwambie zamu na watoto kwamba kamera iko. Kumtega mtu wa nyumba yako si kumlinda.

Wapendwa, amri ya Mungu inatukataza kushuhudia uongo juu ya mwenzetu. Kamera isiyokumbuka haishuhudii kitu. Basi nasi tusijaze pengo lake kwa mashaka yetu. Kama picha haiko, sema: «Sijui.» Neno hilo lingemwacha yule kijana nyumbani.

*Maswali ya kuzungumza jamaani:* 1. Kwetu tunahesabu mali kila siku ngapi? 2. Kitu kikipotea, tunamtazama nani kwanza, na kwa sababu gani? 3. Kuko mtu tuliyemfukuza bila ushahidi? Tutamwendea lini?