Mlanguzi Si wa Dawa za Kulevya Pekee

Neno 'mlanguzi' linapotajwa katika vyombo vya habari nchini Kenya, aghalabu huandamana na dawa za kulevya au biashara haramu ya binadamu. Maana yake kongwe, yaani mtu anunuaye bidhaa adimu ili aiuze kwa bei ya kuumiza, imefifia. Nashikilia kwamba suala hili haliwahusu wanaleksikografia peke yao. Jamii iliyopoteza jina la dhuluma huishia kuiita biashara.

Anayetilia shaka na akumbuke Januari 2008. Matokeo ya uchaguzi wa urais wa tarehe 27 Desemba 2007 yalipotangazwa tarehe 30, ghasia zilizuka. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao, Trans Nzoia ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika. Barabara zilizibwa kwa mawe na magogo. Mizigo itokayo Nairobi kupitia Nakuru na Eldoret ikakwama. Katika miji mingi ya Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya, kadi za simu za kukwaruza ziliadimika, na baadhi ya waliokuwa nazo wakaziuza kwa bei iliyozidi ile iliyochapishwa juu yake. Aliyetaka kujua iwapo mamake yu hai alilipishwa hata wasiwasi wake.

Kadi ni kipimo kizuri kwa kuwa bei yake iko wazi. Isitoshe, kilichouzwa hasa ni tarakimu. Huduma ya Sambaza ya Safaricom ilikuwapo tayari, na wenye jamaa mbali waliweza kutumiwa salio bila kutegemea lori wala barabara. Kilichoadimika kilikuwa karatasi; muda wa maongezi haukuwa umekwisha.

Vifaa vya simu havina bei iliyochapishwa, na hapo ndipo mnunuzi wa Kitale au Bungoma huachwa gizani. Sharti tuwe waadilifu, hata hivyo. Mchuuzi anayesafiri hadi barabara ya Luthuli jijini Nairobi, akarudi na mfuko wa chaja na vioo, amelipa nauli, ana kodi ya kibanda na ada za kaunti, na huenda nusu ya mzigo usinunuliwe. Faida yake ni malipo ya jasho. Mlanguzi ni yule agunduaye kwamba betri za simu fulani zimeadimika, akazikusanya, akazificha chini ya meza na kungoja dhiki ipandishe bei. Hakuongeza kazi yoyote, aliongeza uhaba.

Tanzania ililijua neno hili vyema. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, walanguzi na wahujumu uchumi waliandamwa nchi nzima. Kampeni hiyo iliwanasa hata wauzaji wadogo, nasi tujifunze kwamba jina lisilopambanuliwa vizuri huweza kumwumiza asiye na hatia. Kwetu, ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 zinamtambua mnunuzi kuwa mtu mwenye haki. Lakini haki hiyo itadaiwa vipi na mnunuzi ambaye hana neno la kulitaja kosa alilotendewa, ila kuguna tu kwamba 'bei imepanda'?

Wahenga walisema, 'Kufa kufaana.' Wapo wanaoifasiri methali hii kuwa msiba wa mmoja ni neema ya mwingine. Wengine husisitiza kiambishi cha kutendana, wakasema kwamba dhikini watu hupaswa kusaidiana. Januari 2008 fasiri zote mbili zilishuhudiwa: mmoja alipandisha bei ya kadi, mwingine akamsambazia jirani salio. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, tulirejeshe neno 'mlanguzi' katika mihadhara, magazeti na mabaraza yetu kwa maana yake kamili, na tumtenge waziwazi na mchuuzi mwaminifu.