Fungua Mlango Wako Mwenyewe

Msomaji, huenda umekwisha kujifunza kuandika programu fupi ya kompyuta: mistari kumi au ishirini inayosoma vipimo vya mvua ya shuleni na kutoa wastani wa mwezi. Ukisha kuiandika, wataka wenzako nao waitumie kwa njia ya mtandao. Waenda wapi? Aghalabu waenda kuomba chumba katika kompyuta ya kampuni iliyo ng'ambo, ambayo huijui wala haikujui. Nasema kuwa desturi hii, ikiwa ndiyo njia pekee uijuayo, ni upungufu katika elimu yako.

Jambo lenyewe si la ajabu. Mwaka 1993 wataalamu wa kituo cha NCSA, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walitunga kanuni iitwayo CGI. Kwa kanuni hiyo seva hufanya kazi ya bawabu. Ombi likibisha hodi, bawabu huiamsha programu, huipa maneno ya mgeni, hungoja jibu, kisha humpelekea mgeni jibu hilo. Programu ikisha kusema hulala tena. Bawabu huyo aweza kukaa katika kompyuta kuukuu iliyotupwa ghalani mwa shule, au katika Raspberry Pi, kompyuta iliyotolewa mwaka 2012, ambayo ukubwa wake ni kama wa kadi ya benki. Wenzako walio katika mtandao wa shule watamfikia hata siku ambayo intaneti imekatika.

Wapo watakaocheka na kusema, "Ya nini taabu yote hii, na kampuni zatoa nafasi bure?" Fadhili ya mwenye nyumba ni mali yake, huitoa apendapo na huiondoa apendapo. Heroku iliwapa watu nafasi bila malipo kwa miaka mingi, na Novemba 2022 ikaiondoa. GeoCities, iliyoanza mwaka 1994, ilibeba kurasa za mamilioni ya watu. Mwaka 2009 Yahoo ikaifunga nchini Marekani. Kampuni hizi zilifunga milango yao wenyewe. Aliyekosa ni yule aliyedhani kuwa mlango ule ni wake. Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Mtegemea cha asiyemjua atakufaje?

Wengine hupinga kwa busara zaidi. Husema kuwa mlango ulio wazi humwingiza mgeni na mwizi pia. Ni kweli. Septemba 2014 ilitangazwa kasoro ya Bash, programu inayopokea amri katika kompyuta nyingi. Kasoro hiyo, iliyoitwa Shellshock, ilikuwamo tangu mwaka 1989, na kwa njia ya CGI mtu mbaya aliweza kuficha amri ndani ya ombi, na kompyuta ikaitii. Je, dawa ya wezi ni kutojenga nyumba? Dawa ni kujua kufunga. Usiliamini neno la mgeni kabla ya kulipima. Usiipe programu uwezo uzidio kazi yake. Rekebisha kila kasoro itangazwapo, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Na uanze ndani ya mtandao wa shule, kwa ruhusa ya mwalimu wako, kabla ya kuufungulia ulimwengu.

Sikwambii usipange kamwe. Kazi yenye wageni maelfu kwa maelfu yaweza kuhitaji nyumba ya mwingine. Lakini ajuaye kujenga hupanga kwa hiari, na siku afukuzwapo hubeba vyombo vyake akaenda kwake. Asiyejua hupanga kwa lazima, na kila sharti alilowekewa hulikubali. Basi itoe ile kompyuta ghalani, uipanguse vumbi, uiweke bawabu, na umwite mwenzako abishe hodi.